Jiwe la Kwa Mama Atu

Mama yangu,

Sitakuuliza hali. Yako naijua, maana nilikuwepo walipokushusha, na yangu utaijua ukifika mwisho wa barua hii. Naiandika wazi, isomwe na yeyote. Mambo yetu nimeyafunika muda mrefu mpaka yameoza, na kitu kilichooza hata ukikifunika vipi majirani watasikia harufu.

Karatasi imetoka, mama. Ile ya jiwe lako. Kurasa nne, zimeandikwa kwa lugha ambayo usingeielewa, na chini kuna sahihi za watu ambao hawajawahi kukanyaga Boko. Jiwe lako sasa ni kimondo kwa maandishi. Limepewa kundi na limepewa jina. Nimezisoma hizo kurasa mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma Biblia uliyonipa, nikitafuta mahali ulipotajwa. Nitakwambia nilichokikuta. Lakini kwanza niache nikumbuke, kwa sababu watakaosoma hawakujui, na kutokujulikana kwako ni kazi ya mikono yangu.

Ulifika Boko kutoka Tukuyu ukiwa na mimi mgongoni, baba akiwa ameshakwenda alikokwenda. Hukuwa na ndugu hapa mjini. Ulichokikuta ni machimbo, lile shimo jeupe la mawe ya chokaa nyuma ya nyumba za watu, na wanawake wamekaa chini ya vipande vya turubali wakiponda kokoto za wajenzi. Kazi yenyewe haina siri. Unaweka jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, unalizungushia pete ya mpira lisiruke, unapiga nyundo. Ukimaliza hilo unaweka jingine. Jiwe la chini nalo huchoka, hupasuka, na likipasuka unatafuta lingine na kuhamishia turubali lako huko.

Lako halikupasuka. Ulilikuta kwenye udongo mwekundu wa juu, kabla ya kufikia chokaa, jeusi, limelala kama mtu aliyejikunja ubavu. Ulidhani ni mwamba mgumu tu, ukafanya wanachofanya wapondaji wote kwa mwamba mgumu. Ulilirundikia matairi mabovu ukalichoma siku mbili, kisha ukalimwagia maji ya baridi lishtuke lipasuke. Mawe yote hushtuka. Hilo lilitoa moshi, likafoka kama kikaango, likatulia. Wenzako walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Zuhura, jirani yako wa turubali, ndiye aliyesema, "Shoga, hilo jiwe lina mume. Liache."

Nawe ukajibu, "Basi na likae. Na mie nitakaa nalo."

Ukakaa. Hukuweza kulisogeza, kwa hiyo ukageuza ubao wako wa kukalia ukalielekea, ukalifanya jiwe la kupondea, na ukichoka ukalikalia. Wengine walifuata mawe, leo wako huku, mwakani wako kule. Wewe ulibaki palepale miaka yote ya utoto wangu, na mtu anayekaa mahali pamoja katika mji huu hageuki mzee tu, hugeuka mahali. Madereva wa malori walianza kuambiana, "Kapakie kwa Mama Atu." Kisha wauza maji, kisha bodaboda. Mwisho hata mtu anayetafuta chumba cha kupanga akawa anaelekezwa: shuka Kwa Mama Atu, kata kushoto. Nusu ya vituo vya mji huu ni majina ya watu, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Wewe ulipenda. Uliniambia siku moja, unanisuka, "Mwenzio nina jina linalojulikana na madereva."

Mimi nililichukia. Shuleni soksi zangu zote zilikuwa nyeupe kwa vumbi, hata zile za kijani. Watoto walikuwa wakiniona tu wanapaza sauti kama makonda, "Kwa Mama Atu, shusha!" Darasa zima linacheka, na mwalimu naye anageukia ubaoni ili nisimwone mdomo. Ulikuwa unanisugua kwa jiwe la miguu mara mbili kabla sijaenda, asubuhi, mpaka visigino vinauma, na bado ile chokaa ilikuwa inatoka sijui wapi. Sikukwambia walichokuwa wanasema. Uliniuliza mbona nachelewa kula, nikasema tumbo.

Nilipoingia chuo nikajaza fomu kwa jina la ubatizo. Nikawa Grace. Atupele, yule Atu wa madereva, nikamwacha Boko.

Na mpaka leo sijui kama ni Mungu au ni shetani aliyenipangia kazi, maana niliajiriwa maabara ya mawe, Kinondoni, mahali ambapo watu wa migodi huleta sampuli zipimwe. Kazi yangu ni kukata, kusugua na kung'arisha. Mama anaponda mawe, mtoto anakata mawe, tofauti ni koti jeupe na feni. Hiyo ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia mezani wakati wa chakula cha mchana. Mezani wenzangu walikuwa wanazungumzia wazazi wao, mmoja baba yake alikuwa benki, mwingine mama yake muuguzi mkuu. Ilipofika zamu yangu nikasema mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Tukuyu. Ulinitoka mdomoni ule uongo bila kunikwaruza. Baadaye walipoendelea kuuliza nikakuvalisha na miwani.

Mficha uchi hazai, ulikuwa ukiniambia kila nilipokuficha homa. Mimi nilificha mzazi.

Unakumbuka yule bwana wa vyuma chakavu? Ilikuwa Jumapili, nimekuja kula kwako kama kawaida, kimya kimya, nimefunga kitambaa kichwani nisijulikane. Alikuwa anapita na sumaku imefungwa kwenye kamba, anaiburuza ardhini. Ilipopita karibu na jiwe lako ikaruka ikanata.

"Mama, hili si jiwe," akasema. "Hiki chuma. Niuzie."

"Siuzi kiti changu," ukamjibu. "Wewe unauzaga kiti unachokalia?"

Akaondoka anatikisa kichwa. Mimi ndiye ambaye sikutulia. Niliinama, nikapapasa ukingo, nikakuta kipande kama ukucha kimechomoka kwa kupigwa miaka yote ile. Nilikifunga kwenye leso. Ukaniuliza wa nini, nikasema nataka kukiangalia tu kazini. Ulifurahi. Ulifurahi sana, mama, kwamba kitu cha kwako kinaenda kazini kwangu.

Nilikisugua kesho yake, nikakipima. Nikeli ilikuwa nyingi mno, hakuna chuma cha kiwandani wala cha ardhini kilicho hivyo. Nilimpelekea mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Daktari, naye ni daktari wa miamba. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Umekitoa wapi, Grace?"

"Kuna mama mmoja, Boko."

Sikiliza hilo neno. Mmoja. Ningeweza kuishia hapo barua hii na aibu ingetosha.

Tulipanga kwenda Jumanne. Niliichagua mimi Jumanne, kwa sababu ndiyo siku yako ya kliniki ya presha na nilijua hutakuwepo shimoni. Nilikwambia kwenye simu kwamba watu wa ofisini watapita kuliona jiwe. Sikukwambia mengine. Nilidhani utaenda kliniki, Bi Zuhura atatuonyesha, tutapima, tutaondoka.

Hukwenda kliniki. Tuliposhuka kwenye gari nilikuona kwa mbali. Ulikuwa umevaa kitenge cha kwaya, kile cha zambarau. Uliazima viti viwili vya plastiki ukavifuta, ukavipanga pembeni ya jiwe, na soda tatu ziko kwenye ndoo ya maji zipoe. Umepaka mafuta mikono mpaka inang'aa. Bosi wa mwanao anakuja. Ulikuwa unangoja nikutambulishe.

"Shikamoo, mama," nikasema. Kwa sauti ninayowaamkia wauza mchicha.

Ulinitazama. Haikuchukua muda, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Kisha ukasema, "Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni jamani."

Daktari hakusikia chochote, na angesikiaje? Kwetu kila mwanamke mzima ni mama na kila kijana ni mwanangu. Nilikukana mbele ya macho yako na adabu ikanisitiri. Bi Zuhura alishaanza, "Ee, Atu wa..." nawe ukamkata palepale, "Zuhura, hebu wapishe wageni kivuli." Bi Zuhura akakuangalia wewe, akaniangalia mimi, akaokota kanga yake akasogea. Tangu siku ile hajawahi kuniamkia wa kwanza.

Daktari alipiga magoti kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Alilipapasa jiwe, akaliwekea sumaku, akacheka peke yake. Akakueleza kwamba limetoka juu, kwamba kabla ya kuwa hapa lilikuwa likizunguka jua peke yake, lilianguka zamani ambapo Boko haikuwa na mtu. "Kama kile cha Mbozi, mama. Umewahi kukisikia?"

"Nisikisikie vipi, kiko huko kwetu," ukasema. "Basi mie nimekimbia kimondo nimekuja kukalia kimondo."

Alicheka sana. Alikupenda, nakwambia ukweli. Ningesema wakati ule angekukumbatia. Akatoa karatasi zake, akasoma namba za mahali kwenye kile kidude cha setilaiti, akauliza huku ameinamisha kichwa anaandika, "Hapa wenyeji wanapaitaje?"

Ulishafungua mdomo. Niliuona. Nikawahi.

"Boko, daktari. Machimbo ya Boko tu."

Ukaufunga.

"Na mama jina lako nani, nikuandike kama uliyelipata?"

Nilidhani ungelipiza. Ningekuwa mimi ningelipiza. Ukapangusa mikono kwenye kitenge, ukasema, "Andika wapondaji kokoto. Sie wote tumelikuta, hatuna mwenyewe." Ukajifuta mwenyewe, mama, ili mwanao asijikwae. Naye akaandika hivyohivyo, bila kuuliza mara ya pili. Msomi mzima, anajua umri wa mwezi, hakuuliza mara ya pili jina la mwanamke mwenye viganja vilivyolingana na nyundo.

Ulilitoa bure, kwa sababu nilikuwa nimekuambia ni la kazini kwangu. Walilibeba wanaume wanne kwa magogo, wanaguna. Badala yake wakakuachia kipande cha reli cha kupondea. Nilipokuwa napita kwenda kwenye gari ukasema taratibu, hukuniangalia, "Kunywa soda yako, nimeshaifungua." Daktari alikunywa yake. Yangu niliiacha juu ya kiti.

Sasa nikueleze walilifanya nini, kwa sababu hukuwahi kuuliza na mimi sikuwahi kukaa nawe muda wa kutosha.

Nililikata mimi. Ndiyo kazi yangu, nani mwingine? Msumeno ulilalamika siku kadhaa, mafuta yakimwagika, mpaka tukapata kipande chembamba kama slesi ya mkate. Nikakisugua mpaka nikajiona sura. Kisha tukakipaka tindikali kidogo kidogo, na pale kwenye chuma kitupu ikaanza kutokea michirizi, inapishana, inalalana, kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira. Daktari alinieleza kwamba hakuna mhunzi anayeweza kuifanya hiyo. Chuma kilipoa polepole mno, kwa miaka isiyohesabika, ndani ya gimba kubwa lililokuja kuvunjika. Upana wa michirizi ndio unaopimwa, hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kukijua kimondo ni cha aina gani. Unga wake tukaupeleka nje kupimwa vitu vingine vidogo vidogo vilivyomo, ndivyo vinavyoonyesha ni ndugu wa vimondo gani vingine. Ndivyo wanavyokipatia kundi. Kipande cha chuma kilichozunguka peke yake angani huko kimetafutiwa ndugu, mama, na wakapatikana.

Ukingoni michirizi ilikuwa imefifia, imekuwa kijivu kama majivu ya jikoni. Daktari akasonya.

"Hili limechomwa. Mjinga gani amechoma kimondo?"

Niliyaona matairi yako. Nilimwona Bi Zuhura anacheka ameshika mbavu. Nikasema, "Sijui, daktari."

Siku hiyohiyo, taa ya mezani inawaka kati yetu, alinifundisha kanuni ambayo natamani nisingeijua. Kimondo hakipewi jina la mtu, hata aliyekipata, hata rais. Hupewa jina la mahali kilipopatikana, kama wenyeji wanavyopaita. "Ndiyo maana Mbozi ni Mbozi," akasema, akapiga mwayo, akaenda kunywa chai.

Nilibaki pale na kipande mkononi. Mahali kilipopatikana, kama wenyeji wanavyopaita. Jiwe lilikufanya usihame, kutohama kukakufanya mahali, na sasa mahali ndiyo jina. Yote yalikuwa yamekaa tayari kana kwamba kuna mtu alikupangia. Mpondaji kokoto wa Tukuyu angeandikwa kwenye vitabu vya dunia na hakuna kamati ambayo ingeweza kumkataa. Kilichohitajika ni mwanao afungue mdomo. Na jina lilikuwa bado halijapelekwa kupitishwa! Nilikuwa na wiki nyingi, mama. Kila asubuhi nilikuwa nasema leo. Nikifika mlangoni kwa Daktari nawaza mezani watasema nini kuhusu ile miwani.

Wewe huko reli ilikuwa inakuumiza. Nyundo ilikuwa inaruka, ulisema, haitulii kama kwenye jiwe, na viganja vikawa vinakufa ganzi. Kisha kifua. Vumbi la miaka yote likaja kudai. Mara ya mwisho tulipozungumza vizuri ilikuwa wodini, mchana, Bi Zuhura ametoka kukununulia uji. Ukaniuliza, "Lile jiwe limepewa jina gani?"

Nikasema, "Wameliita Kwa Mama Atu."

Uso wako ulifunguka, sijawahi kuuona umefunguka vile tangu nifaulu darasa la saba. Ukashika mkono wangu, ukanishukuru kwa lugha ya kwetu. "Ndaga, mwanangu, ndaga." Kisha ukafikiri kidogo ukaniuliza, "Kwa hiyo yule daktari anajua kumbe we ndo Atu?"

"Anajua, mama."

"Afadhali. Mie nilijibana pale, naogopa kukuharibia."

Bi Zuhura aliporudi na uji hukuunywa kwanza, ulianza kumsimulia. Ukamsimulia na nesi, na yule mama wa kitanda cha pili. Ulikufa siku ya nne, ukiwa mtu ambaye jina lake limepewa kitu kilichotoka angani. Wapo watakaosema nilikupa zawadi. Wakusikie wewe ukisema "afadhali", halafu waje waniambie tena.

Na hukuniona nilivyokuzika. Ofisini nilisema mazishi ni Tukuyu, nimeshaondoka. Wakanitumia rambirambi kwa simu na ujumbe wa pole kwa kumpoteza mwalimu. Nilikuwa Boko, nusu saa ya gari kutoka kwao. Ulizikwa na wapondaji na kwaya yako. Hakuna hata mmoja wa kazini kwangu aliyerusha udongo, hata yule aliyekunywa soda yako. Bi Zuhura ndiye aliyesimama akawatangazia watu kwamba jiwe la marehemu limeandikwa jina lake ulaya. Watu wakasema amina, Waislamu wakasema mashaallah, nami nikajifunika kitambaa usoni wakadhani nalia.

Basi karatasi imetoka, na hiki ndicho nilichokikuta. Mahali: Boko. Waliolipata: wapondaji kokoto. Kisha kuna aya ya hali ya kimondo. Inasema ukingo wake umeharibiwa na moto uliowashwa na binadamu. Inasema uso mmoja una shimo la kina cha kidole, lililotokana na kupigwapigwa kwa muda mrefu, na sehemu hiyo haifai kwa uchunguzi. Hapo ndipo ulipo, mama. Nimekupata. Upo kwenye kurasa hizo nne, lakini wamekuandika kama uharibifu.

Kabla hawajalifungia kabatini niliweka kidole gumba kwenye lile shimo. Kilienea.

Juzi nilikwenda kwa Daktari. Nilikwenda kwa sababu Bi Zuhura alinipigia simu, yeye ambaye haniamkii. Jumapili hii wanajengea kaburi lako. Kokoto wameziponda wenyewe, kila mmoja ndoo yake, juu ya ile reli. "Uje na hiyo karatasi," akasema. "Utusomee jina la shoga yangu. Sie hatujui kizungu, lakini jina lake tutalisikia."

Nikamwambia Daktari kwamba jina limekosewa. Pale wenyeji hawapaiti Boko, Boko ni kote kule. Pale panaitwa Kwa Mama Atu.

"Atu ni nani?"

"Ni mimi."

Akaniangalia.

"Mimi ndiye Atupele. Na yule mama uliyempa kipande cha reli ni mama yangu. Hakuwa mwalimu. Hakuwahi kuvaa miwani maisha yake yote."

Akavuta ile karatasi, akaitazama kama vile huenda imebadilika. Akaniambia jina likishapitishwa halirudi, limeshaingia kwenye orodha. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alisema tu, "Grace, nilikuuliza. Ungesema siku ile, ningeliandika. Ilikuwa ni neno moja."

Nilitaka kumjibu kwamba naye angeuliza tena, kwamba angeviona vile viti viwili vilivyofutwa, kwamba angejiuliza kwa nini mponda kokoto amevaa kitenge cha kwaya Jumanne asubuhi. Mpaka leo nina hasira naye, na sitaitua. Lakini yeye hakuzaliwa na wewe. Hukumsugua visigino.

Kwa hiyo Jumapili siendi na karatasi yao. Nakwenda na hii. Nitaisoma pale kaburini mbele ya Bi Zuhura na wenzako wote, wakiwa wameshika ndoo zao, na sijui watanifanya nini. Wakinizomea, nitakuwa nimezoea tangu shuleni. Wakinifukuza, nitatoka. Daktari nimemwalika, na wenzangu wa mezani pia. Sijui nani atakuja. Nimewaambia washuke Kwa Mama Atu, wakate kushoto.

Jina la kimondo limeshapotea, sitakudanganya mara ya tatu. Hata hicho kituo hakina muda mrefu, wenye viwanja wameshaanza kufukia shimo, na watakaojenga pale watakuja na majina yao. Nimebaki na kitu kimoja cha kukulipa nacho, nacho ni kidogo na kimechelewa. Nitasimama pale mbele ya watu wote wanaojua mimi ni Grace na wote wanaojua mimi ni Atu, na nitakuamkia kwa sauti, kama mtoto wa kukuzaa.

Shikamoo, mama.

Mwanao wa kwanza na wa pekee,
Atu